Besi Katika Hewa ya Chumvi

Mtu wa Palma, kaskazini kabisa ya Msumbiji, akitaka gitaa la besi hana duka la kukimbilia mtaani kwake. Atashuka kusini hadi Pemba ya Msumbiji, safari ya kilomita zipatazo 400 kwa barabara, au atavuka mto Ruvuma aingie Mtwara, ambako ni karibu zaidi. Maputo, mji mkuu wa nchi yake, uko zaidi ya kilomita 2,000. Dar es Salaam haifiki nusu ya umbali huo. Watu wa kaskazini ya jimbo la Cabo Delgado, Wamwani wa pwani na Wamakonde wa nyanda za juu, waliijua hesabu hii kwa masikio kabla ya kuijua kwa miguu. Redio ya Tanzania ilisikika, Kiswahili chake kilieleweka, na muziki wa dansi uliingia majumbani bila kuulizwa pasipoti. Kwa hiyo anayechagua besi huku haanzi patupu. Kichwani mwake tayari kuna sauti anayoitafuta.

Sauti yenyewe ni hii. Mlimani Park Orchestra, iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1978, ilikuwa na Suleiman Mwanyiro kwenye besi, yule aliyeitwa Computer. Sikiliza nyimbo zao za miaka ile, na jaribu kuwaacha waimbaji kando kwa dakika chache, ingawa kumwacha Hassan Bitchuka kando si kazi ndogo. Besi haijazi kila nafasi. Inatamka noti tatu, inanyamaza, inalipisha gitaa la ridhimu, kisha inaingia tena mahali ambapo mguu wa mchezaji ulikuwa ukiisubiri. Wimbo ukifika kwenye chemko, pale unapochangamka, besi hupanda nyuzi za juu na kujibizana na solo, halafu hushuka tena kabla hujajua imeondoka.

Muziki unaotegemea kunyamaza kiasi hicho hauna huruma na chombo kibovu. Noti inayokwaruza kwenye freti, vile vyuma vyembamba vya shingoni, au inayokufa kabla ya wakati wake, au inayopanda kidogo kuliko inavyotakiwa, haina pa kujificha. Mpigaji anasifiwa kwa vidole vyake, na ni haki yake. Lakini kabla ya vidole kuna mtu aliyekaa na bisibisi, msasa na taa, akalifanya gitaa liwe kitu kinachoweza kunyamaza vizuri. Huyo hapigiwi makofi. Nataka kumtazama kwa utaratibu.

Anayedhani kazi hii ni ya maabara za mbali na akumbuke ilikoanzia. Leo Fender alikuwa fundi redio. Alifungua duka lake la kutengeneza redio huko Fullerton, California, mwaka 1938, na gitaa lenyewe hakujua kulipiga. Mwaka 1951 akatoa Precision Bass: nyuzi nne, freti shingoni, na urefu wa uzi wa inchi 34, yaani sentimita 86 na kidogo. Kabla ya hapo besi ilikuwa lile zeze kubwa la kusimama, dabo besi, ambalo vikundi vya taarab vya Unguja vilikaa nalo kwa miaka mingi; zito kubeba, na kidole lazima kijue chenyewe noti ilipo kwa sababu hakuna freti ya kukiongoza. Freti ndizo zilizoipa Precision jina lake. Inchi 34 za fundi yule ndizo kipimo cha besi nyingi duniani hadi leo. Fundi redio wa Mocímboa da Praia anayeunga waya wa besi kwa pasi ileile anayolehemea redio hajavamia kazi ya watu. Yuko ndani ya ukoo.

Kuchagua huanza na shingo, na fundi mzuri utamjua hapo, kwa sababu halipigi gitaa kwanza. Hulishika kiwiliwili, akaelekeza kichwa cha gitaa kwenye mwanga, akafunga jicho moja na kutazama kingo mbili za shingo toka mwisho hadi mwanzo. Anatafuta mambo mawili ambayo jicho geni huyachanganya. Shingo iliyopinda mbele au nyuma haina ugonjwa. Ndani yake mmefichwa chuma kirefu chenye skrubu, kilichotiwa kiwandani kwa ajili hiyohiyo. Shingo iliyosokoteka ni jambo jingine. Upande wa uzi mnene umeinuka, upande wa uzi mwembamba umelala, na hakuna skrubu ya kuurudisha. Gitaa la namna hiyo linarudishwa ukutani hata kama lina jina kubwa kichwani na bei imeshuka. Hasa kama bei imeshuka.

Halafu anapiga, na hapigi wimbo. Anapita freti moja baada ya nyingine kwenye kila uzi, kwa nguvu ileile, akiiacha kila noti iishe yenyewe. Vijana wengi dukani hupiga kile wanachokijua vizuri zaidi, na wakiondoka wamejisikiliza wenyewe. Fundi anatafuta noti inayokata roho mapema. Katika besi zilizofuata umbo la Fender, uzi wa G una tabia hiyo karibu na freti ya tano hadi ya saba: ubao wa shingo hutikisika kwa kasi inayokaribia ya noti na kuinyonya nguvu. Kidogo kinavumilika, na uzito mdogo ukifungwa kichwani mwa gitaa huweza kulihamisha tatizo kidogo. Kikizidi, unaliacha gitaa.

Uzito nao haupimwi kwa kunyanyua. Vaa mkanda, simama, achia mikono. Gitaa ambalo kichwa chake kinazama kuelekea sakafuni litaufanya mkono wa kushoto uwe nguzo badala ya kuwa mkono. Kwenye sherehe ya harusi inayoanza baada ya isha na kuisha alfajiri, kilo nne na nusu begani ni mzigo wa kweli. Mkanda mpana wa ngozi una faida kuliko nakshi yoyote.

Pwani hii inaongeza mtihani ambao kitabu cha kiwandani hakiutaji. Hewa ya bahari ina chumvi, na chumvi haianzi na sehemu kubwa. Inaanza na viskrubu vidogo vya briji, vile vinavyopandisha na kushusha viti vya chuma ambavyo kila uzi hukalia. Ufunguo wake wa alenki ni mdogo kuliko njiti ya kiberiti. Kutu ikivishika, hakuna tena kupandisha wala kushusha, na gitaa zima linafungwa katika hali iliyokutwa nayo. Kwa hiyo anayenunua gitaa lililotumika Pemba au kisiwani Ibo na avizungushe viskrubu hivyo vyote, kimoja kimoja, kabla ya kutaja bei. Vikizunguka, tone la mafuta ya cherehani kila baada ya miezi michache litavilinda. Vikigoma, hesabu gharama ya briji nyingine ndani ya bei hiyo.

Kuna pia suala la betri. Besi nyingi za kisasa zina saketi ya ndani ya kukuza na kuchuja sauti, inayokula betri ya volti 9. Sauti yake ni safi na ina nguvu, sikatai. Lakini saketi hiyo huwaka kila kebo inapokuwa imechomekwa, hata gitaa likiwa limeegemezwa ukutani, na mpigaji aliyesahau kuchomoa usiku anaamka na besi inayokoroma. Betri za aina hiyo si kama za tochi, hazikai kwenye kila kibanda. Nje ya mji mkubwa, iliyopo inaweza kuwa imezeekea rafuni. Gitaa lisilo na saketi hiyo, lenye pikapu na vidhibiti viwili vitatu tu, halidai chochote. Mahali ambapo umeme wenyewe hukatika, mimi nachagua lisilodai.

Baada ya chumvi kuna unyevu. Kaskazini ya Msumbiji mvua huja na kaskazi, toka Desemba hadi karibu Aprili. Kusi ikishika, hewa inapoa na kukauka. Wapiga ngoma wa huku hawahitaji kufundishwa jambo hili. Kabla ya ngoma ya tufo, au kabla ya vinyago vya mapiko kutoka, ngozi huoteshwa moto hadi ikaze, na ikilegea katikati ya ngoma inarudishwa motoni. Ubao wa gitaa unafanya yaleyale, ila polepole na kimyakimya, na moto haufai kabisa. Unanyonya maji, unavimba. Unakauka, unasinyaa, na ncha za freti zinajitokeza pembeni mwa shingo kiasi cha kukwaruza kiganja. Gitaa lililowekwa sawa Julai litakuwa na tabia nyingine Februari. Mtu anasema gitaa limeharibika, kumbe majira yamebadilika tu na gitaa linahitaji nusu saa ya mtu anayelijua.

Nusu saa hiyo ina mpangilio usiovunjwa, na kwangu mimi hapo ndipo uzuri wa ufundi ulipo, kwa kuwa kila hatua inaigeuza inayofuata. Kwanza nyuzi zenyewe, mpya au zilizosafishwa, zifungwe na kukazwa hadi sauti zitakazotumika: E, A, D, G. Nyuzi nne za besi zikikazwa zinavuta kwa jumla zaidi ya kilo 70. Shingo isiyo na mzigo huo si shingo ile utakayoipiga, na kuipima ikiwa tupu ni kazi bure.

Pili ni mpindo wa shingo. Besi haitakiwi kunyooka kabisa. Uzi unaopigwa hucheza kwa upana mkubwa zaidi katikati yake, kwa hiyo shingo inahitaji kajibonde kadogo sana ka kuupisha. Fundi hutumia uzi wenyewe kama rula: anaubana uzi wa E kwenye freti ya kwanza, anaubana tena pale shingo inapokutana na kiwiliwili, kisha anatazama nafasi iliyobaki juu ya freti ya saba au ya nane. Thuluthi moja ya milimita inatosha. Fundi magari ana fila, zile bapa nyembamba za kupimia nafasi ya vali; bapa ya milimita 0.35 ikipita bila kuinua uzi, shingo iko mahali pake. Bonde likizidi, chuma cha shingo kinakazwa kwa kuzungushwa kulia. Likikosekana kabisa, kinalegezwa kushoto. Robo mzunguko kwa wakati, si zaidi, halafu nyuzi zinakazwa upya na gitaa linaachwa litulie. Ubao haubishani na chuma papo hapo. Wapo wanaozungusha mzunguko mzima kwa hasira wakaisikia skrubu ikikatika ndani, na gitaa likaishia hapo.

Tatu ni kizingiti, kile kipande cha mfupa au plastiki chenye vijifereji pale kichwa kinapoanza. Wengi hukiruka, na ndiyo maana magitaa mengi ya bei ya chini huwa magumu kupiga karibu na kichwa na mepesi kwingineko. Ubane uzi kwenye freti ya tatu na utazame juu ya freti ya kwanza: iwepo nafasi ndogo mno, ya kuhisiwa zaidi kuliko kuonekana. Kijifereji kikiwa juu, kinashushwa kwa tupa nyembamba, mikwaruzo miwili, unapima, mikwaruzo miwili. Kikishapitiliza chini, uzi mtupu unalia kwenye freti. Hata hapo fundi wa mtaani ana jibu: unga wa mfupa unajazwa kwenye kijifereji, tone la supagluu linaushika, na kazi inaanza upya juu ya mfupa mpya.

Sasa ndipo urefu wa nyuzi juu ya freti unapopangwa kule kwenye briji. Kipimo cha kuanzia ni milimita 2.5 kwa uzi wa E na 2 kwa uzi wa G, ikipimwa juu ya freti ya kumi na mbili. Nasema cha kuanzia, maana hapa fundi anaacha kulitazama gitaa na kumtazama mwenye gitaa. Mpigaji mwenye amplifaya yenye nguvu hugusa uzi taratibu, kwa hiyo nyuzi zinaweza kulala chini. Anayepiga ukumbini kwa spika moja iliyochoka, akishindana na ngoma na tumba, atavuta uzi kwa nguvu zake zote ili asikike, na nyuzi zikiwa chini zitalia kwenye freti usiku kucha. Kwa huyo fundi huziinua kidogo, ingawa mteja aliomba zishushwe. James Jamerson, aliyepiga besi kwenye nyimbo nyingi za lebo ya Motown kule Detroit, aliziweka nyuzi zake juu sana, nene na bapa, kiasi kwamba wengine waliona taabu kulipiga gitaa lake. Hakuna aliyelalamikia sauti.

Kisha sauti za freti zinalinganishwa. Gusa uzi juu kabisa ya freti ya kumi na mbili bila kuubana, upige, upate ile sauti nyembamba ya kengele. Halafu ubane freti hiyohiyo na upige tena. Sauti mbili zinapaswa kuwa moja. Ya kubana ikiwa juu, uzi ni mfupi mno na kiti chake kinarudishwa nyuma. Ikiwa chini, kinasogezwa mbele. Programu ya simu ya kupimia noti inasaidia, lakini simu haisikii vizuri sauti za chini kabisa, ndiyo maana mshale unatangatanga ukipiga E tupu. Pima kwa sauti ya kengele na mshale utatulia. Mwisho wa yote ni pikapu, ambazo zisisogezwe karibu mno na nyuzi: sumaku zake huuvuta uzi na noti ikayumba, na mtu anaweza kurudi kwenye briji kutafuta kosa lisilokuwepo kule. Milimita tatu chini ya uzi mnene ukiwa umebanwa freti ya mwisho, pungufu kidogo kwa mwembamba, zinatosha.

Kuhusu nyuzi kuna ubishi ambao hauishi. Nyuzi za besi ni ghali, na seti moja inaweza kukaa gitaani mwaka mzima au zaidi. Chumvi ya hewa na jasho la vidole huingia kati ya mizunguko ya waya na kuufanya uzi uwe bubu. Wapigaji wa mabara mengi wamegundua dawa ileile: fungua nyuzi, zichemshe kwenye maji safi dakika 10, zikaushe kabisa juani, zifunge tena. Mng'aro unarudi, ingawa si kwa muda mrefu, na kila kufungwa upya kunauchosha uzi pale unapojikunja kwenye kikazio. Nyuzi za chuma kisichoshika kutu hustahimili pwani vizuri, ila hula freti. Zile bapa, zisizo na mikunjo ya kuhifadhi uchafu, hudumu kuliko zote, na sauti yake nzito iliyozibika kidogo inakaribia dabo besi la taarab. Kwa dansi la polepole mimi nazipenda. Jamerson hakuzibadilisha zake ila zilipokatika. Lakini dawa rahisi kuliko zote ni kitambaa kikavu cha pamba, kinachofuta kila uzi juu na chini baada ya kupiga.

Sasa uzi wa tano. Hapa nina maoni yangu na sitayaficha.

Besi za Mlimani Park zilirekodiwa wakati ambapo uzi wa B wa chini ndiyo kwanza ulikuwa unatafutiwa mahali huko Marekani. Mwaka 1975 Anthony Jackson aliundiwa gitaa la nyuzi sita lenye B hiyo na Carl Thompson, na besi za nyuzi tano zikaenea miaka ya 1980, vinanda vya umeme vilipoanza kushuka chini ya E na kuwaacha wapiga besi wakitazama. Wimbi hilo lilifika huku kwa njia ya zouk, muziki wa Karibi. Kassav', kundi lililoanzishwa na Waguadelupe mwaka 1979, liliwakolea Waafrika wanaosema Kireno kiasi kwamba passada wanayocheza vijana wa Pemba leo ni mtoto wa muziki ule. Muziki huo umejengwa juu ya kinanda. Makanisani ni vilevile: mpiga kinanda akiona sauti ya mwimbaji imekwama, anabonyeza kitufe cha kuhamisha ufunguo na kuendelea kana kwamba hakuna kilichotokea, na mpiga besi ndiye anayebaki na noti ambazo gitaa lake halina. Kwa mtu huyo uzi wa tano si pambo. Unampa D, C na B za chini, na unamwezesha kuhamia ufunguo wowote bila kukimbiza mkono shingo nzima.

Tatizo ni kwamba uzi wa tano unadai. E ya chini hutikisika mara 41 kwa sekunde, B mara 31 tu, na kuipata kwa urefu uleule wa inchi 34 kunahitaji uzi wenye unene wa milimita 3.3 hivi, nao ukikazwa unavuta karibu kilo 15, pungufu ya wenzake. Ndiyo maana B za magitaa mengi ya bei nafuu zinalegea na kutoa mngurumo usio na noti. Watengenezaji wengine wameongeza urefu hadi inchi 35 ili kuukaza. Ukijaribu besi ya nyuzi tano dukani, anza na huo uzi wa B, upige ukiwa mtupu, kisha freti ya tano ulinganishe na E iliyo jirani. Zikisikika kama ndugu, endelea kulikagua gitaa. Zisiposikika hivyo, nyuzi nne zilizobaki haziwezi kukuokoa, kwani ulikuja kutafuta wa tano. Wakati wa kuliweka sawa, B ipewe milimita yake, karibu 3, maana hucheza kwa upana, na kiti chake kwa kawaida hukaa nyuma kuliko vyote.

Halafu kuna spika. Spika ndogo za ukumbini haziwezi kuitoa mitikisiko 31. Sikio husikia sauti za juu zinazoambatana na noti na kujijazia lililokosekana. Uzi mzuri unalipa sikio kitu cha kujazia. Uzi mbaya unaipa spika kazi ya kutetemeka tu, na siku moja karatasi yake inachanika.

Ipo njia ya kati ambayo mafundi wanaijua na maduka hayaitangazi. Chukua besi ya nyuzi nne, uondoe G, ufunge B, E, A, D. Vijifereji vya kizingiti vipanuliwe kwa tupa, shingo ipimwe upya, viti vya briji virudishwe nyuma, na utakuwa umepata kina bila kununua gitaa la pili. Unachopoteza ni G, na anayepiga dansi ataililia kwenye chemko. Kwa mpigaji wa kanisani hasara ni ndogo.

Nimesema sana kuhusu chuma na kidogo kuhusu mti, na kwa Cabo Delgado hilo si haki. Ubao wa freti katika besi nyingi ni wa jamii ya Dalbergia, na mpingo, ambao Wamakonde wanauchonga na ambao ukitupwa majini unazama, ni Dalbergia pia. Mwaka 2017 CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, uliweka jamii nzima ya miti hiyo chini ya udhibiti, viwanda vikubwa vikaanza kutafuta mbao nyingine, na mwaka 2019 vyombo vya muziki vilivyokamilika vikaachiwa tena. Kwa hiyo kijana wa Mueda anaweza kununua gitaa lililotoka kiwanda cha Indonesia likiwa na binamu wa mti uliosimama porini kwao. Mchonga vinyago anayejua kuukausha mpingo bila kupasuka ana nusu ya ujuzi wa kutengeneza shingo ya gitaa. Ningependa kuiona shingo hiyo.

Mengi yamevunjika huku. Mashambulizi ya waasi yalianza Mocímboa da Praia Oktoba 2017, kimbunga Kenneth kikapita Aprili 2019, na Palma ikashambuliwa Machi 2021. Anayekimbia na watoto habebi spika. Bendi inayojikusanya upya Pemba au Mueda mara nyingi itaanza na gitaa moja la mkono wa pili, na hilo moja ndilo la kuchaguliwa kwa makini.

Kwa hiyo, msomaji, kama una fedha ya besi moja tu na unaishi mahali unapoisikia bahari, chukua ya nyuzi nne, isiyo na betri, yenye shingo isiyosokoteka na viskrubu vya briji vinavyozunguka. Usimalize fedha yote kwenye gitaa. Bakiza ya seti moja ya nyuzi za akiba, kichupa cha mafuta ya cherehani, na ujira wa fundi wa kuliweka sawa mara mbili kwa mwaka, kaskazi ikiingia na kusi ikiingia. Kama kinanda cha kanisa lenu kinakulazimisha kushuka, tafuta ya nyuzi tano, na ukifika dukani uanze na uzi wa B.